Pedali Kando ya Ghuba ya Winam

Upepo wa Kisumu una ratiba, na mwendesha baiskeli wa mji huu huijua mapema kuliko anavyowajua majirani zake. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, hewa ikateremka taratibu kutoka milima ya Nandi, ikapita uwanda wa Kano na kuingia ziwani. Jua likishapanda mambo hugeuka. Nchi kavu hushika moto, ziwa hubaki na ubaridi wake, na kadiri mchana unavyokaribia upepo huanza kuvuma kutoka magharibi, ukiifuata Ghuba ya Winam hadi mjini. Alasiri unyevu huo hugonga kuta za Nandi na miinuko ya Kericho, mawingu meusi yakakusanyika, na mvua ya radi ikashuka juu ya mashamba ya miwa na chai.

Anayesafiri kwa gari anaweza kuishi hapa miaka bila kuyajali haya. Sisi wa baiskeli tunapanga siku zetu kwa hayo. Ukielekea mashariki, Ahero, kabla ya mapambazuko, upepo wa nchi kavu utakugusa uso lakini ni mwepesi. Taabu iko katika kurudi: ukichelewa, upepo wa ziwa unakukabili kifuani kilomita 25 hivi za uwanda ulio wazi, na kila pedali unayokanyaga inakuwa nzito kuliko iliyotangulia. Ukielekea magharibi, Kisian na Seme, ukaondoka mapema na kugeuza saa nne au saa tano, ziwa lenyewe linakusukuma nyumbani. Ndiyo maana Jumapili wengi wetu huelekea magharibi. Njia ya mashariki tunawaachia wenye kuamka saa kumi usiku bila kulalamika.

Naandika kuhusu watu wanaoendesha baiskeli kwa sababu wanapenda kuendesha baiskeli. Hatuendi sokoni. Hatupeleki maziwa wala abiria. Tunatoka asubuhi, tunakwenda mbali, tunageuka, tunarudi. Kisumu tupo wengi kuliko mtu anavyodhani: walimu, wauguzi, mafundi umeme, wanafunzi wa chuo, wafanyabiashara wa soko la Kibuye, wastaafu waliokatazwa na daktari kukaa kitini mchana kutwa. Na sote tumewahi kukutana na swali lile lile njiani, linaloulizwa kwa upole na mzee aliyeketi chini ya mwembe au mama anayeanika omena.

"Omera, unaenda wapi?"

"Naenda Maseno, mama."

"Kumwona nani?"

"Simwoni mtu. Nikifika nageuka narudi."

Anakuangalia kidogo, kisha anakutakia safari njema. Nakielewa kimya kile. Katika nchi hii ya ziwa, baiskeli imelisha watoto, imelipa karo na imejenga nyumba za mabati. Mtu kuikanyaga kilomita hamsini au sitini ikiwa tupu, kerieri haina hata gunia, ni jambo linalohitaji maelezo. Makala haya ni jaribio langu la kuyatoa.

Mtu wa makamo aliyekulia Kisumu anaikumbuka enzi ya baiskeli za abiria. Biashara hiyo ilianzia mpakani Busia katika miaka ya 1960, vijana wakivusha watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, na kufikia miaka ya 1990 ilikuwa imeteka miji ya Nyanza na Magharibi. Kisumu baiskeli ndiyo iliyokutoa Kondele ikakufikisha stesheni. Kiti cha nyuma kilishonwa kwa sponji na ngozi ya plastiki, mara nyingine kikapambwa kwa nyuzi za rangi zilizoning'inia pembeni. Vyuma viwili vilichomelewa kando ya gurudumu ili abiria apate pa kuweka miguu. Akina mama waliketi upande, mkono mmoja ukishika kiti na mwingine ukishika mtoto, na dereva akapanda mlima kwa nguvu ya mapaja yake peke yake. Kisha mwaka 2008 serikali ikaondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo. Baada ya miaka michache tu pikipiki zilikuwa zimechukua abiria, na tuktuk zikachukua waliobaki. Vijana waliokuwa wakipiga pedali walipata injini, na sina neno baya la kusema juu ya mtu aliyepunguziwa kazi ngumu hivyo.

Lakini baiskeli ya mzigo haikuondoka. Pita Kibuye Jumapili asubuhi uone. Kuna anayesukuma mitungi ya maji ya lita ishirini, miwili kila upande na mingine juu. Kuna wa makaa, gunia limempita kichwa. Kuna wa kuku, miguu imefungwa, vichwa vinaning'inia. Kuna wa samaki anayetoka ufukwe wa Dunga kabla jua halijawa kali, mbuta amefungwa kwa mpira wa tyubu juu ya kerieri, mkia unachungulia nje ya gunia lililoloweshwa maji. Hao ndio mabingwa wa barabara hizi. Sisi wa Jumapili tunajifunza kwao, na wengi wetu hatujakiri hivyo inavyostahili.

Chukua kupanda mlima. Barabara ya Busia inatoka mjini ikipita uwanja wa ndege na Otonglo, tambarare kabisa, ziwa likiwa mkono wa kushoto, hadi njia panda ya Kisian. Hapo njia ya Bondo inashika kushoto na ya Busia inaanza kupanda kupitia Ojola na Lela hadi Maseno. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Maseno inakaribia 1,500. Anayeanza mchezo huu huuvamia mlima huo kwa hasira, akasimama juu ya pedali, na kabla hajafika Lela mapafu yamegoma. Sasa mtazame mchuuzi mwenye gunia. Hapandi moja kwa moja. Anachora mstari wa kwenda na kurudi kwa upana mdogo, akiupunguza ukali wa mlima, mwendo wake haubadiliki, mabega yametulia. Panapokuwa pakali mno anashuka kabla hajachoka, si baada ya kuchoka, mkono mmoja usukanini, mwingine umeshika mzigo kwa nyuma, na anasukuma. Ukimwiga utafika Maseno ukiwa bado unaweza kuzungumza.

Na Maseno pana zawadi yake. Ikweta inapita pale, bango liko kando ya barabara, na karibu kila mwendesha baiskeli wa Kisumu ana picha yake amesimama hapo, gurudumu la mbele kaskazini mwa dunia na la nyuma kusini. Mji ni wa shule: wamisheni wa Kianglikana walianzisha Shule ya Maseno mwaka 1906, na leo chuo kikuu kinaujaza vijana. Ukila nyoyo kibandani, mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja, ukashushia uji, unapata nguvu ambayo hakuna peremende ya kununua inayoweza kuifikia. Kuteremka ni kwa kujizuia. Lami ni laini, baiskeli inakimbia yenyewe, na matuta yanaweza kutokea ghafla sokoni, mengine bila rangi wala alama. Kidole kisiondoke kwenye breki.

Wanaotaka safari tulivu huchagua kushoto pale Kisian, kuelekea Seme. Magari hupungua kadiri unavyouacha mji, mawe makubwa yanaanza kutokea mashambani, na hatimaye unaona Kit Mikayi, mwamba juu ya mwamba, mahali ambapo watu wamepanda kuomba kwa vizazi na bado wanapanda. Seme ndiyo shule yangu ya kupumua. Vilima vyake ni vifupi, vinakuja kimoja baada ya kingine, havikupi nafasi ya kusahau miguu yako.

Kano ni habari nyingine, na ugumu wake si milima. Udongo wa uwanda ule ni mweusi, wa mfinyanzi, ule unaopasuka nyufa kiangazi na kuwa gundi masika. Ukiacha lami na kushika njia za mashamba ya mpunga ya Ahero, zilizochimbwa mifereji tangu mradi ulipoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, utaendesha raha mustarehe siku kavu, ndege weupe wakiruka kila unapopita. Mvua ikinyesha, udongo unashika tairi, unaingia kati ya gurudumu na madigadi, unaziba breki, na gurudumu linasimama. Unashuka, unabandua kwa kijiti, unatembea hatua chache, unabandua tena. Watu wa Kano wenyewe huyaondoa madigadi msimu wa mvua na kuvaa tope mgongoni. Tumewaiga katika hilo pia. Upande wa kusini wa ghuba shida ni mwiba wa mgunga: mrefu, mweupe, unaopenya tairi la nje na tyubu kwa pamoja na kubaki umekaa humo ukisubiri tyubu mpya.

Hapo ndipo unapomjua fundi. Kila senta ya pwani hii ina fundi wa baiskeli chini ya mti, mara nyingi jaduong', yaani mzee, aliyeanza kazi wakati wa baiskeli za abiria. Vifaa vyake vinaenea kwenye boksi la mbao: spana chache, koleo, nyundo, pampu ya mguu, tyubu kuukuu ya kukata viraka, mkebe wa solushoni, na beseni la maji la kutafutia pancha. Tyubu inajazwa upepo, inazamishwa kipande kwa kipande, viputo vikatoka, kidole kikaziba pale pale. Akinyoosha rimu iliyopinda hatumii mashine. Analizungusha gurudumu huku ukucha wa kidole gumba umekaribia chuma, anasikia linapogusa, anakaza spoku moja na kulegeza ya jirani yake. Nimewahi kuliona gurudumu nililolikatia tamaa likitoka mikononi mwa fundi wa namna hiyo likiwa sawa kuliko lilivyotoka dukani.

Uchaguzi wa baiskeli kwa mtu wa huku unaanzia kwa fundi huyo. Mitumba kutoka Ulaya na Japani inashuka Mombasa na kupanda hadi Kisumu: fremu za alumini, gia nyingi, nyepesi mno, na zinavutia macho. Gia zake zikiharibika Ndori au Kendu Bay, hakuna kipuri. Black Mamba, ile nzito ya chuma iliyoundwa India au China kwa umbo la Waingereza wa zamani, ina uzito unaopita kilo 20 na gia moja tu, lakini spoku, ekseli, cheni na tairi lake la inchi 28 vinapatikana katika duka lolote linalouza sukari na mafuta taa. Katikati yao kuna Buffalo. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005 baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, lilibuni baiskeli hiyo kwa barabara za vijijini za Afrika, na hapa Kisumu ndipo zinapounganishwa zile zinazouzwa na kugawanywa Kenya. Kerieri yake inabeba kilo 100. Breki ya nyuma imo ndani ya kitovu cha gurudumu, unaishika kwa kurudisha pedali nyuma, hakuna waya wa kukatika. Mwaka 2023 ikatoka yenye gia mbili na cheni mbili, nayo unabadilisha gia kwa kurudisha pedali nyuma kidogo. Nawashauri wanaoanza wasione haya kuiendesha Buffalo au Black Mamba kwa starehe. Raha ya safari haiko katika wepesi wa fremu, na pancha inayozibwa kwa nusu saa ni bora kuliko gia inayokurudisha nyumbani kwa matatu.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Kisumu ilipojiandaa kupokea Africities, mkutano wa miji ya Afrika, mwezi Mei 2022, mji wa kwanza wa ukubwa wa kati kupewa heshima hiyo, katikati ya mji palibadilishwa sura. Miaka miwili kabla, mwaka 2020, kaunti ilikuwa imetoa mpango wake wa usafiri endelevu, na ndani yake mwenda kwa miguu na mwenye baiskeli waliwekwa mbele. Kandokando ya mitaa ya katikati, Oginga Odinga ikiwemo, zikajengwa njia pana za miguu na baiskeli, miti ikapandwa, taa zikawekwa. Nilifurahi kama mtu aliyeandikiwa barua. Kwa mara ya kwanza mji wangu ulikuwa umesema kwa zege na matofali kwamba anayekanyaga pedali ni msafiri kamili.

Njia hizo ni fupi, na nje ya katikati ya mji zinaisha. Hata zilipo, kila siku utaona gari limepanda juu kuegeshwa, pikipiki inayokwepa msongamano, rundo la viatu vya mitumba. Siwalaumu wachuuzi, nao wanatafuta riziki mahali pekee watu wanapopita kwa miguu. Lakini nje ya mji ndiko kuna hatari hasa. Kwenye barabara kuu, mwenye baiskeli anaishi katika utepe mwembamba kati ya mstari mweupe na ukingo wa lami. Penye ukingo uliomegeka, lami inaisha kwa kushuka kama kiganja cha mkono hadi kwenye changarawe, na ukisukumwa huko na matatu inayoingia stejini bila kuangalia, gurudumu linakatwa na unaanguka upande wa magari. Lori la miwa likikupita, upepo wake kwanza unakusukuma nje, kisha unakuvuta ndani. Tunaoendesha kwa starehe tunayajua hayo na tunachagua saa zetu. Jumapili alfajiri malori ni machache. Yule wa samaki hachagui. Mbuta haingoji Jumapili. Mwanafunzi wa kutwa anayetoka nyumbani gizani hachagui. Wa maziwa hachagui.

Ndiyo sababu nasema sisi na wao ni kitu kimoja, ingawa wenzangu wengine wenye helmeti za bei na suruali za kubana wangependa kuamini tofauti. Utepe wa lami tunaougombania ni ule ule. Ukipanuliwa kwa ajili ya mchuuzi, mimi nitapata njia ya kwenda Maseno. Ukijengwa kwa ajili yangu tu, njia nzuri ya kuzunguka bustani na kurudi hotelini, mchuuzi hatapata chochote, nami nitakuwa na mahali pa kuzungushia gurudumu badala ya safari. Kwa hiyo tunapokaa na viongozi wa kaunti kuomba njia, na tumekuwa tukiomba, tusianze na mashindano wala utalii. Tuanze na saa kumi na moja asubuhi, na nani yuko barabarani saa hiyo.

Wasichana wako barabarani saa hiyo. Katika shule za kutwa za pwani hii mtoto anaweza kutembea saa nzima na zaidi kwenda, na saa nyingine kurudi. Utafiti uliofanywa Zambia kwa wasichana waliopewa baiskeli ulionyesha utoro ukishuka kwa zaidi ya robo, na muda wa njiani ukapungua kwa kama theluthi. Hayo ni manufaa ya kuhesabika. Lipo jingine nililoliona mwenyewe Seme na Rarieda: wasichana watatu, sare za shule, baiskeli za chuma, wanateremka kilima huku wanacheka kwa sauti, miguu imeachwa wazi nje ya pedali. Hakuna aliyewatuma kuteremka hivyo. Zamani mwanamke aliyepanda baiskeli peke yake alisemwa vijijini. Bibi zetu wengi walibebwa nyuma maisha yao yote na hawakuwahi kushika usukani. Wale watatu walikuwa wanaendesha kwa starehe, kama mimi, na walikuwa pia wanaenda nyumbani kuchota maji.

Kuhusu mashindano nitasema kidogo, kwa kuwa magazeti huyaandika sana. Kenya imetoa watu wakubwa. Chris Froome, mshindi wa Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na mguu wake ukapata shule kwa David Kinjah kule Kikuyu. Suleiman Kangangi wa Eldoret aliitoa timu ya Amani kwenye njia za vumbi za Mara hadi Ulaya na Marekani, akafariki Agosti 2022 katika mbio za Vermont, na jina lake bado linatamkwa kwa heshima kila waendesha baiskeli wanapokutana. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kurudi na jezi ya kijani. Septemba 2025 mashindano ya dunia yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Vijana wa Kondele waliyatazama kwenye simu zao na baadhi yao wameanza kupima muda wao hadi Kiboswa, mlima mkali unaoanza baada ya Mamboleo. Wakija kuwa mabingwa tutawashangilia. Wasipokuwa, watakuwa wamepanda Kiboswa, na hilo peke yake ni jambo kubwa.

Kwangu mimi safari kuu ni kuizunguka ghuba. Ni zaidi ya kilomita mia mbili, na kwa mtu wa kawaida ni siku mbili au tatu, ukilala njiani. Unatoka Kisumu, Kisian, unapita Seme hadi Ndori, hapo unaiacha barabara ya Bondo na kushuka kusini kuelekea Luanda K'Otieno. Ziwa linaonekana, linapotea, linaonekana tena. Luanda K'Otieno ndipo feri inapopakia. Baiskeli inaingizwa kati ya magari na mbuzi, unaifunga kwa tyubu kwenye nguzo, unakaa juu ya mfuko wako karibu saa nzima huku visiwa vinapita. Abiria watakuuliza unaenda wapi. Ukiwaambia unaizunguka ghuba, mazungumzo yanaanza: huyu ana mjomba Kendu, yule anajua mlima mbaya ulipo, mwingine anakwambia usinywe maji ya bomba fulani.

Unashukia Mbita. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mbita iliunganishwa na kisiwa cha Rusinga kwa tuta la mawe na udongo. Tuta hilo liliziba maji yasipite, samaki wakapungua upande mmoja, wavuvi wakalalamika kwa miaka mingi, na sasa pana daraja na maji yanapita chini yake. Mwenye baiskeli analivuka kwa dakika moja na kuingia Rusinga, ambako mwaka 1948 Mary Leakey alifukua fuvu la Proconsul, kiumbe wa ukoo wa nyani aliyeishi mamilioni ya miaka iliyopita, na ambako Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi Julai 1969, amezikwa. Kukizunguka kisiwa kizima kwa njia yake ya vumbi ni kazi ya asubuhi moja. Angalia viboko karibu na maji jioni na alfajiri, kwani wanatoka kula majani na hawapendi kukatiwa njia ya kurudi ziwani. Hilo ni onyo la Dunga na Hippo Point kule Kisumu pia.

Kutoka Mbita hadi Homa Bay ni kupanda na kushuka kwenye jua kali, kisha barabara inageuka mashariki, Mlima Homa ukiwa mkono wa kushoto, hadi Kendu Bay. Karibu na hapo kuna Simbi Nyaima, ziwa dogo la maji ya magadi ndani ya shimo la volkano. Wazee wanasimulia kwamba palikuwa na kijiji, akaja bibi mzee usiku wa sherehe akiomba hifadhi, wakamfukuza wote isipokuwa mwanamke mmoja, na maji yakakimeza kijiji. Watu wa upande ule wamekishika kisa hicho kwa vitendo. Sijawahi kuomba maji ya kunywa kati ya Homa Bay na Pap Onditi nikanyimwa, na mara nyingi yamekuja na ndizi au kipande cha muhogo, na kiti kivulini.

Mei 2020 ziwa hili lilipanda kupita kimo cha rekodi cha mwaka 1964, na mahali pengi ufukweni njia tulizozizoea zilizama. Kuna vibanda Dunga vilivyosimama majini kwa miezi. Baadhi ya vijia hivyo havijarudi kama vilivyokuwa, na tumejifunza kuuliza wavuvi kabla ya kushika njia ya ufukweni.

Ukivuka mto Sondu na kupita Katito, unaingia tena Kano, na kutoka Ahero hadi Kisumu unabaki na kipande cha mwisho. Ndicho kipande ninachokiogopa kuliko vyote katika mzunguko mzima. Miguu imechoka, upepo uko usoni, barabara ni kuu, malori ya kwenda Busia na Uganda yanafuatana, na kando yako, katika utepe ule ule mwembamba, kuna wa mchele na gunia lake, wa miwa, wa sare za shule, wa mitungi ya maji. Kama ningepewa pesa za kilomita chache tu za njia ya baiskeli katika kaunti hii, nisingeziweka mjini. Ningeanzia Ahero, upande wa kushoto, nikaja nazo taratibu kuelekea Kisumu mpaka zitakapoisha.